Mashujaa waliorudi wazima nao wakumbukwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie Siku ya Mashujaa, ambayo gazeti lako liliandika habari zake wiki hii. Kila Julai 25 tunawaenzi waliokufa vitani, na ni haki yao. Makaburi ya Kaboya, mkoani Kagera, walikozikwa askari wetu, yanatosha kutukumbusha gharama ya Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Lakini waliorudi wazima wanatutoka kimya kimya, mmoja mmoja.

Mwezi uliopita tulimzika baba yetu mzazi. Alikwenda vitani mwaka 1978 akiwa kijana, akarudi, akaoa, akalima, akasomesha watoto saba. Buti zake za jeshi alizipiga rangi kila Jumamosi ingawa hakuwa na pa kuzivaa. Vita hakupenda kuvizungumzia, isipokuwa mvua na matope ya njiani. Hadithi hiyo aliirudia mpaka wajukuu wakawa wanammalizia. Mengine kaondoka nayo, na lawama ni yangu, kwani simu ya kurekodia nilikuwa nayo mfukoni miaka yote hiyo.

Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa ni mzee. Napendekeza halmashauri zishirikiane na shule za sekondari: wanafunzi wa historia wapewe kazi ya kuwahoji na kuwarekodi wazee hawa vijijini kwao, na nakala zipelekwe Makumbusho ya Taifa. Kinachohitajika ni nauli, daftari na simu. Waanze kabla ya Julai ijayo.

Mtoto wa askari,
Morogoro