Pua haizuii vumbi lote la mkonge

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wanaofanya kazi vyumba vya brashi katika viwanda vya mkonge, Muheza, Korogwe na kwingineko Tanga. Kwenye korona, yaani mashine ya kukwangua majani, jani hukwanguliwa kwa maji, hivyo vumbi si shida. Shida huanza singa, yaani nyuzi za mkonge, zikishaanikwa, zikakauka, zikapigwa brashi. Hapo husikika: "Pua ipo, itachuja." Itachuja, ila si yote.

Nywele za tundu la pua huzuia takataka kubwa tu. Kazi yenyewe iko ndani, kwenye mikunjo 3 ya kila upande. Hewa inapopinda kupita humo, chembe nzito hushindwa kupinda nayo. Hugonga ukuta wenye ute, zikanasa. Vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho huusukuma ute kuelekea kooni, milimita 6 hivi kwa dakika, nao humezwa. Makamasi meusi ya jioni, basi, ni vumbi lililonaswa.

Chembe zinazozidi maikromita 10 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) nyingi huishia hapo. Zilizo chini ya 5 hupinda pamoja na hewa zikashuka mapafuni, na hizo huzioni. Isitoshe, mtu mzima aliyetulia huvuta lita 6 hivi za hewa kwa dakika. Akibeba mabelo, yaani marobota ya singa, huvuta mara kadhaa ya hizo, mdomo hufunguka wenyewe, na hewa nyingi huikwepa pua.

Kipande cha khanga hakisaidii sana: matundu yake ni makubwa kuliko chembe hizo, na pembeni kunavuja. Inatakiwa barakoa ya N95, inayochuja chembe ndogo, waya wake ubanwe juu ya pua, ndevu zinyolewe ili ishike ngozi. Ikilowa au ikianza kuwa nzito kuvutia hewa, itupwe. Wenye viwanda nao waweke feni ya kunyonya vumbi palepale kwenye mashine. Inayopuliza hulitawanya tu. Sakafu inyunyizwe maji kabla ya kufagiwa. Hili halina gharama, na linatuuma kuona halifanyiki.

Anayetaka kuosha pua baada ya zamu achemshe maji, yapoe yawe vuguvugu, atie nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye robo lita. Maji mabichi ya bomba au kisima yasiingizwe puani. Yanaweza kuwa na vijidudu vinavyopanda hadi kwenye ubongo.

Wahudumu wa afya mahali pa kazi,
Tanga