Wapigieni simu wanaoidai kampuni

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuandika hata mstari, ila ile ripoti yenu ya kampuni nzuri za kununua hisa imenishinda kunyamaza. Mmejaza faida, majengo, magawio, halafu hakuna hata sentensi moja inayosema kampuni inamuuzia nani na anayeiletea mzigo analipwaje. Sasa hiyo thamani inatoka wapi kama si kwa hao watu?

Mimi nilikuwa nasapulai maboksi kwa kampuni moja, na kwa vile nilikuwa nawaamini nikanunua na hisa zao. Tulikuwa tunalipwa kwa siku 30. Akaja bosi mpya wa manunuzi, zikawa siku 60, baadaye 120, ukipiga simu unaambiwa invoisi yako inasubiri sahihi. Mwaka ule hesabu zikaonyesha pesa benki zimeongezeka, wachambuzi wakasifia menejimenti, hisa ikapanda, kumbe ile pesa ni yangu mimi na wenzangu wameikalia tu! Kwenye taarifa yenyewe mstari wa wadai, yaani pesa ambazo kampuni inadaiwa, ulikuwa umevimba, upo wazi kabisa, na hakuna aliyeuuliza. Wasapulaya wazuri wakaondoka mmoja mmoja, wakabaki wababaishaji, mzigo ukawa unachelewa, mteja wao mkubwa akachoka akahama, hisa ikaporomoka na akiba yangu ikaenda nayo.

Na wakubwa pia yanawakuta. Imagination Technologies, kampuni ya teknolojia ya Uingereza, Aprili 2017, ilitangaza tu kwamba Apple, aliyekuwa anawaletea karibu nusu ya mapato, ataacha kutumia teknolojia yao, hisa zikaanguka zaidi ya asilimia 60 siku hiyohiyo. Mainjinia ni walewale, ofisi ileile, kilichoondoka ni mteja mmoja.

Halafu hii mikutano mikuu ya wanahisa, hotuba saa mbili, maswali dakika kumi, ukigusa habari ya wasapulaya maiki inahamia kwa mwingine. Inauma sana, na nyie mnachapisha picha za meza kuu.

Kanuni ya uhasibu IFRS 8 inataka kampuni iliyo sokoni iseme kama kuna mteja mmoja anayeleta asilimia 10 au zaidi ya mapato, hata bila kumtaja jina. Basi hiyo namba iwekeni pembeni ya bei ya hisa, na siku wanazochukua kulipa. Na kabla hamjasifia kampuni yoyote pigieni simu wasapulaya wake watatu, wapigieni Ijumaa mchana, ndiyo saa wanayohangaika na mishahara ya watu wao.

Msomaji wenu wa siku nyingi