Sola ya kijiji: hesabu ianzie kwenye betri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie miradi ya sola ya jamii vijijini. Siku ya uzinduzi watu huhesabu paneli. Paneli nzuri hudumu miaka 25. Kinachorudisha kijiji gizani ni betri, na mara nyingi kosa lilifanyika kwenye karatasi kabla nguzo ya kwanza haijasimamishwa.

Chukua kaya 50, kila moja ikitumia wati-saa 300 kwa siku: taa nne za LED, redio, kuchaji simu, televisheni ndogo kwa saa chache. Jumla ni wati-saa 15,000, yaani uniti 15 kwa siku. Kwa jua kali la jumla ya saa 5 kwa siku, ukitoa robo inayopotelea kwenye joto, waya na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa kawaida wa nyumbani), zinatakiwa paneli za kilowati 4. Hapo wengi hupatia. Wanabana fedha kwenye betri. Betri za asidi hazifai kushushwa chini ya nusu ya chaji yake, hivyo uniti 15 zinahitaji betri za uniti 30, yaani ampea-saa 625 kwenye mfumo wa volti 48. Hiyo ni akiba ya siku moja tu. Mawingu yakitanda siku mbili, kila usiku betri zinakamuliwa hadi chini na sahani za risasi zilizo ndani yake zinaganda salfeti, utando unaozidhoofisha.

Halafu kuna pasi. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa inakula wati-saa 500, zaidi ya fungu la kaya nzima kwa siku. Kukemeana mkutanoni hakusaidii. Ifungwe mita inayokata umeme kaya inapomaliza fungu lake.

Mafundi nao wana yao. Betri mpya ikiunganishwa na kuukuu, ile kuukuu huidhoofisha mpya. Maji ya bomba yana madini yanayoharibu sahani. Yatumike yaliyosafishwa kwa ajili ya betri, na yaongezwe baada ya kuchaji, si kabla, maana asidi hupanda na kufurika. Chumba cha betri kiwe na hewa: kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 hupunguza maisha ya betri kwa karibu nusu. Na breka (swichi za kukata umeme) za umeme wa kawaida wa nyumbani, yaani AC, zisifungwe upande wa paneli. Paneli hutoa umeme wa DC, unaokwenda upande mmoja tu, na cheche zake hazizimiki kirahisi, hivyo breka inaweza kuwaka moto.

Kuhusu fedha, kamati igawanye bei ya betri zote kwa miezi 60, yaani miaka mitano hadi zibadilishwe, kisha kwa kaya 50. Kiasi hicho kiingie kila mwezi kwenye akaunti ya betri pekee, kisiguswe hata kwa kununua taa, na hesabu irudiwe kila mwaka kwa bei mpya. Kamati isiyoweza kukikusanya haijawa tayari kupokea mradi, hata kama paneli ni za msaada.

Fundi wa sola