Barua ya wazi kwa Gavana wa Washington: tozo ya daraja iwekewe kikomo cha mwezi

Kwa Mheshimiwa Bob Ferguson,
Gavana wa Jimbo la Washington,
Olympia.

Mheshimiwa Gavana,

Salamu kutoka Vancouver. Siyo ile ya Kanada, hii ya kwako, ng'ambo ya Portland, jimbo la Oregon. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Binti yangu ataitafsiri na kuileta ofisini kwako, ila nataka kwanza wenzangu ninaovuka nao waisome na kunisahihisha nilipokosea.

Kazi yangu ni kutunza wazee, zamu ya usiku, upande wa Portland. Naingia saa nne, natoka alfajiri. Kati ya kitanda changu na kazi yangu upo mto Columbia na lile daraja la chuma la kijani. Ukilitazama unadhani ni moja, kumbe ni mawili yamesimama bega kwa bega: la kwenda kaskazini lilifunguliwa 1917, la kwenda kusini 1958. Nguzo zake zimekalia magogo yaliyopigiliwa kwenye mchanga wa mto. Tetemeko kubwa kama lile la Januari 1700 likirudi, hakuna mhandisi atakayekuahidi kwamba litabaki limesimama.

Lakini mimi silali nikiwaza tetemeko. Ninachokijua vizuri ni kuinuliwa kwake. Taa inawaka nyekundu, kengele inalia, kizuizi kinashuka, halafu kipande cha barabara kati ya ile minara miwili kinapanda taratibu kama lifti ili chombo kipite chini. Barabara ya I-5 inatoka mpaka wa Meksiko hadi mpaka wa Kanada, na hapa inasimama kupisha tishari! Saa za msongamano wa asubuhi na jioni daraja haliinuliwi, jambo la busara kwa wenye saa za ofisi. Sisi wa usiku ndio tunaokutana nalo. Unazima injini, unaona mwanga wa simu ndani ya kila gari, watu wanapiga kazini: "Nipo darajani." Mwenzangu ninayempokea zamu hawezi kuwaacha wazee mpaka nifike, naye ana mtoto mchanga nyumbani. Akiona jina langu kwenye simu hata haniulizi tena.

Kwa hiyo sibishani na ujenzi wa daraja jipya la kuchukua nafasi ya hili. Lijengwe, na njia ya treni nyepesi isije ikawa kitu cha kwanza kukatwa pesa zikipungua. Wewe unajua kuliko mimi gharama ya kusitasita. Tarehe 23 Mei 2013, lori lenye mzigo mkubwa kupita kiasi liligonga vyuma vya daraja la mto Skagit, kwenye I-5 hiihii, ndani ya jimbo lako, na kipande kizima kikaangukia majini. Mungu saidia hakufa mtu. Wiki chache baadaye Seneti ya jimbo ikafunga kikao bila kupitisha fedha za daraja letu, na mpango uliokuwa umekula miaka ya michoro na vikao ukafa. Mwaka 2022 makadirio ya mpango wa sasa yalikuwa kati ya dola bilioni 5 na bilioni 7.5, na bei za vyuma na zege hazina tabia ya kushuka mtu anapofikiria.

Ninachokuja nacho ni tozo.

Mpango ni kuanza kutoza magari kwenye daraja hilihili kuukuu, kabla jipya halijakamilika. Sawa, haitakuwa mara ya kwanza: lilifunguliwa kwa tozo ya senti tano, ikaondolewa 1929, ikarudi miaka ya sitini wakati wa kulipa deni la daraja la pili. Ila piga hesabu ya mtu kama mimi. Tuseme ni dola tatu kila kuvuka. Kwenda na kurudi ni sita, kwa zamu tano ni thelathini, kwa mwezi ni mia na ishirini. Mshahara wangu tayari unakatwa kodi ya Oregon kwa sababu kazi iko kule, na nikinunua viatu vya watoto hapa Vancouver nalipa kodi ya mauzo ya Washington. Nazunguka nipite daraja lile jingine, la barabara ya I-205? Nitazunguka, na maelfu watazunguka nami, kisha tutahamishia foleni huko.

Mimi ni mtoto wa Kigamboni, Dar es Salaam. Tumekua tukigombania pantoni pale Magogoni, na daraja lilipofunguliwa 2016 tulishangilia. Halafu tukaanza kulipa kila tunapopita, na manung'uniko hayakukoma hadi 2022, Serikali ilipopunguza viwango na kuweka malipo ya siku, ya wiki na ya mwezi. Hesabu hiyo ya mwezi ndiyo ninayoitaka hapa, ila nisingependa tuisubiri miaka sita.

Naomba hivi: kabla tozo haijaanza, mwenye kuvuka kila siku kwenda kazini awekewe kikomo cha mwezi, akikifikia asikatwe tena mpaka mwezi ugeuke. Mwenye kipato kidogo kikomo chake kiwe chini zaidi, na kianze siku ileile kamera za tozo zinapowashwa, siyo baada ya utafiti mwingine. Viwango vitapangwa na tume za usafiri za majimbo yote mawili, hilo nalifahamu. Makamishna wa upande wetu unawateua wewe, na Gavana Kotek wa Oregon mnaongea.

Kama fomu ya kuomba punguzo itakuwepo, iwe ya ukurasa mmoja, na iwepo kwa Kiswahili pia. Kuitafsiri najitolea bure, mradi isiwe usiku.

Wako mtiifu,
Mtunza wazee, mkazi wa Vancouver, Washington