Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: tupe dakika kumi za kukumbuka

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

YAH: MUDA WA MARUDIO KATIKA VIPINDI VYA SHULE ZA MSINGI

Mheshimiwa Waziri, pokea salamu kutoka Tanga, ninakofundisha Hisabati darasa la tano na la sita katika shule ya serikali. Nina ombi moja, na halihitaji fedha.

Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, anapofika shuleni hufungua azimio la kazi (mpango wa mada wiki kwa wiki), hufungua andalio la somo, hupitia madaftari machache, kisha huuliza: mada hii ilipaswa kwisha wiki ya ngapi, na wewe umefika wapi? Aliyefika mbali hupongezwa, aliyechelewa huandikwa. Basi sote tunakimbia. Naomba mthibiti huyo aagizwe kuuliza na swali la pili, tena awaulize watoto wenyewe: mliyofundishwa kabla ya likizo, bado mnayo?

Nikueleze jinsi mambo yanavyokwenda darasani. Mwanzoni mwa mwaka tunafundisha vigawe na KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika: namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa namba zote mlizopewa. Watoto wanafanya zoezi, wanapata, madaftari yanajaa alama za vema, mada inafungwa. Miezi michache baadaye tunaingia kwenye kujumlisha sehemu zenye asili (namba za chini) tofauti. Naandika ubaoni 7/8 + 5/6. Binti mmoja, hodari kweli, ananyoosha mkono na kuja mbele. Anajua kwamba asili zinatakiwa zilingane. Anaanza kutafuta: nane, kumi na sita, ishirini na nne. Anahesabu kwa vidole, kwa sababu jedwali la nane limeshamtoka. Anahamia kwenye sita: sita, kumi na mbili, kumi na nane, ishirini na nne. Ameipata 24. Anageuka kuniangalia, chaki mkononi, na hakumbuki tena hiyo 24 alikuwa anaitafutia nini. Anaandika 12/24, yaani amejumlisha 7 na 5 juu na kuiweka 24 chini. Darasa zima linaitikia, "Sawaa!"

Mtu wa nje atasema mtoto huyu hajaelewa sehemu. Mimi nasema alielewa, ila nafasi ilimwishia kichwani. Sayansi ya akili imeichunguza nafasi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, alikadiria kwamba mtu anaweza kushika akilini kwa mara moja vitu kama saba tu. Mwaka 2001 Nelson Cowan alipitia ushahidi uliokuwa umekusanyika akashusha makadirio hayo hadi vinne hivi. Hao ni watu wazima. Mtoto ana pungufu ya hapo. Binti yule pale ubaoni alikuwa amebeba sehemu mbili, lengo la kulinganisha asili, hesabu ya vidole na mahali alipofika katika hesabu hiyo. Kimoja kilibidi kidondoke, na kilichodondoka ni lengo lenyewe.

Lakini kitu kilichokwisha kuzama katika kumbukumbu ya kudumu hakigombei nafasi hiyo finyu. Mtoto anayejua nane mara tatu ni 24 kama anavyojua jina la mama yake anabaki na akili yake yote kwa ajili ya sehemu. Ndiyo maana nashikilia kwamba kusahau KDS si hasara ya mada moja. Ni hasara ya kila mada iliyojengwa juu yake, mpaka aljebra ya sekondari.

Sasa, kwa nini alisahau, na hali mwezi wa pili alipata vema zote? Kusahau ndivyo akili ya binadamu ilivyo. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kupima zilivyompotea. Aligundua kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha kasi inapungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa yanashinda marudio yale yale yaliyorundikwa siku moja. Ni zaidi ya miaka mia moja sasa, na matokeo hayo yamerudiwa na wengi.

Naomba utulie kidogo kwenye jaribio moja, kwa sababu linagusa kazi yangu ya kila siku. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Washington University, mjini St. Louis, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya habari wasome. Kifungu kimoja walikisoma mara ya pili. Kingine hawakukisoma tena; walipewa karatasi tupu waandike yote wanayoyakumbuka. Baada ya dakika 5 walipimwa. Kusoma tena kulishinda: asilimia 81 dhidi ya 75. Waliopimwa baada ya wiki moja walitoa picha nyingine kabisa. Kifungu kilichosomwa tena kilikuwa kimebaki kwa asilimia 42, na kile walichojilazimisha kukikumbuka kwa asilimia 56.

Tazama, Mheshimiwa, jinsi jambo hilo linavyomdanganya mwalimu. Mwisho wa kipindi nauliza, "Tumeelewana?" Nampima mtoto ndani ya dakika tano zile ambazo kila njia inaonekana imefaulu. Yeye mwenyewe anajiona anajua, kwa kuwa maneno bado yamo sikioni. Nampa kazi ya kunukuu maelezo ubaoni, ananukuu kwa mwandiko mzuri, na mthibiti akija anaona daftari limejaa. Kinachofanya jambo likae ni ule ugumu wa kulitafuta kichwani pasipo daftari, na katika ratiba yetu hakuna mahali palipotengwa kwa ajili ya ugumu huo.

Kuna na suala la lini. Nicholas Cepeda na wenzake mwaka 2008 waliwafundisha watu zaidi ya 1,350 mambo madogo madogo, wakawarudishia baada ya muda tofauti tofauti, kisha wakawapima, wengine karibu mwaka mzima baadaye. Kwa hao wa karibu mwaka, marudio yaliyosaidia zaidi yalikuja takriban wiki tatu baada ya somo. Kurudia kesho yake tu hakukutosha. Nao Doug Rohrer na wenzake, mwaka 2015, waliwafanyisha hesabu wanafunzi wa darasa la saba huko Florida kwa njia mbili: maswali ya aina moja yaliyofuatana, na maswali ya aina mbalimbali yaliyochanganywa. Walipopimwa mwezi mmoja baada ya marudio, waliochanganyiwa walipata wastani wa asilimia 74, na wale wa aina moja asilimia 42. Fungua kitabu chochote cha Hisabati tulichonacho: zoezi baada ya zoezi, maswali kumi yanayofanana kama mapacha. Mtoto hajifunzi kuchagua njia, kwa sababu kichwa cha zoezi kimeshamwambia njia ni ipi.

Sisi tunafanya kinyume. Tunapita kila mada mara moja, halafu miezi ya mwisho kabla ya mtihani wa Baraza la Mitihani tunarundika kila kitu. Makambi, watoto kulala shuleni, mitihani ya miaka iliyopita asubuhi na usiku. Wazazi wanachangia mchele na maharage. Nawaheshimu walimu wenzangu wanaojinyima usingizi kwa ajili hiyo, nami nimeshiriki. Lakini kumbukumbu iliyorundikwa mwezi wa nane hupukutika haraka, na mtoto anaanza kidato cha kwanza Januari. Mwalimu wa sekondari anampokea, anamwandikia sehemu ubaoni, anashangaa huko msingi tulikuwa tunafundisha nini. (Kwamba huko anaongezewa na mzigo wa lugha ya kufundishia nalijua vizuri, na ni hoja yenye barua yake.)

Wala jambo hili si geni kwetu wa pwani. Mtoto anayehifadhi Kurani chuoni, yaani madrasa, haruhusiwi kuendelea mbele tu. Kwanza anamsomea ustadhi aya mpya, kisha anarudi kwenye za juzi, kisha anadurusu sura za Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Kurani, alizozihifadhi muda mrefu nyuma, kwa kichwa, msahafu umefungwa. Akikwama, ustadhi anamdokeza neno moja, naye anaendelea. Kila ustadhi anajua kwamba mwanafunzi anayekimbilia juzuu mpya bila kudurusu za zamani atafika mwisho hana kitu. Wengi wa watoto hao ni hawa hawa ninaowafundisha mimi. Alasiri kumbukumbu zao hutunzwa kwa uangalifu mkubwa. Asubuhi, kwangu, tunaziacha zijitunze zenyewe.

Najua hoja itakayotolewa ofisini kwako: tumeshaachana na kukariri, mtaala ulioanza Januari 2024 unajenga umahiri. Naukubali umahiri kwa moyo wote. Simtaki mtoto anayetaja kanuni kama kasuku. Lakini umahiri hauelei hewani. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon, wakifuata kazi ya Mholanzi Adriaan de Groot, waliwaonyesha wachezaji wa sataranji ubao wenye kete kwa sekunde 5 tu. Bingwa alizipanga upya kete nyingi za mchezo halisi, akimwacha mbali sana mchezaji anayeanza. Kete zilipotawanywa ovyo, ubingwa wake karibu wote ulitoweka. Hakuwa na kumbukumbu kubwa kuliko watu wengine. Alikuwa na maelfu ya mipangilio ya kete iliyokaa kichwani kwa miaka, na kwa mipangilio hiyo ndiyo alikuwa anafikiri. Mtoto naye hufikiri kwa kile alichonacho. Ukimpa kazi ya kikundi ya kutatua tatizo la eneo la shamba, na vipimo vya eneo vilishamtoka, umahiri utakaouona ni wa yule mmoja anayekumbuka. Wengine watanukuu kutoka kwake.

Jambo la viboko siwezi kulipita. Kukumbuka kunahitaji mtoto athubutu kukosea mbele ya wenzake. Victoria Talwar, Stephanie Carlson na Kang Lee walichapisha mwaka 2011 utafiti wa shule mbili za nchi moja ya Afrika Magharibi, moja ikitumia kipigo na nyingine haitumii. Watoto wa darasa la kwanza katika shule isiyopiga walifanya vizuri zaidi katika kazi zinazohitaji kujizuia na kuitawala akili. Kanuni zetu wenyewe, za mwaka 1979 na kurekebishwa 2002, zinataja viboko kwa makosa makubwa ya nidhamu, tena visizidi vinne. Kukosa saba mara nane si kosa la nidhamu. Ila katika madarasa mengi jibu lisilo sahihi bado hulipwa kwa fimbo, na mtoto mwenye akili hujifunza upesi kwamba usalama wake ni kunyamaza. Marudio ninayoyaomba yakiingia pamoja na fimbo, heri yasije kabisa.

Ninachokifanya mimi ni hiki, na kinawezekana hata katika darasa lililofurika. Kiwango ni watoto 45. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 sikumbuki nilipokuwa nao wachache hivyo. Kabla ya somo jipya naandika ubaoni maswali matano: mawili ya wiki hii, mawili ya mwezi uliopita, moja la muhula uliopita. Madaftari yamefungwa. Kila mtoto anaandika majibu, nyuma ya karatasi yoyote iliyokwisha kutumika. Hakuna kunyoosha mkono, maana mkono mmoja ukinyooshwa wengine themanini hupumzika. Kisha naandika majibu, kila mmoja anajisahihisha, tunajadili lile lililowashinda wengi. Siandiki alama popote. Ni dakika kumi kati ya arobaini za kipindi. Siku za kwanza watoto walichukia, wakidhani ni mtihani. Sasa nikichelewa kuyaandika wananikumbusha.

Kwa kufanya hivyo nimechelewa kwenye azimio la kazi, na nimeandikwa.

Ndiyo sababu ya barua hii. Mwalimu mmoja mmoja hawezi kubadili jambo ambalo ukaguzi unamwadhibu kwalo. Toa waraka unaomruhusu mwalimu wa shule ya msingi kutumia dakika kumi za mwanzo wa kipindi kukumbusha yaliyopita, bila alama na bila adhabu. Waagize wathibiti ubora wakifika darasani wachukue mada iliyofungwa miezi miwili nyuma, wawape watoto maswali matatu tu, na majibu hayo yaingie kwenye ripoti sambamba na wiki ya azimio. Taasisi ya Elimu, inayoandaa vitabu, iweke katika kila zoezi la kitabu maswali mawili matatu ya mada za nyuma, pasipo kutaja ni ya mada ipi. Na kama hesabu ya wiki itakataa, basi zipunguzwe mada. Nasema hivyo nikijua uzito wake: afadhali mtoto amalize msingi na mada thelathini alizonazo kuliko hamsini zilizopita mbele ya macho yake.

Watakaoogopa kwamba silabasi haitaisha, waulize ni wiki ngapi kila mwaka tunazitumia kufundisha upya yale yaliyokwisha kufundishwa. Hizo hazimo kwenye azimio lolote, ila kila mwalimu anazijua.

Shule zinafunguliwa Januari. Waraka ukitoka mwezi wa kumi na moja, walimu wakuu watakuwa nao mkononi kabla ya kupanga ratiba ya mwaka.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Hisabati,
Tanga.