Nyoka wa mjomba hakuwa wa majigambo

Mhariri,

Alhamisi iliyopita mlitumia neno "majigambo" mara tatu katika ukurasa mmoja, na mara mbili mmekosea. Nimesahihisha insha za wanafunzi kwa miaka 27, kwa hiyo kalamu nyekundu ilinitoka mfukoni kabla sijavaa miwani.

Habari ya kwanza ilikuwa ya bondia aliyeapa kummaliza mwenzake raundi ya 2. Hiyo sawa, ingawa mimi ningeandika "tambo". Anayejigamba hujisifia tu. Anayetamba ana mtu wa kumtambia, na maneno yake yana siku ya kuhukumiwa. Muhammad Ali alitamba kweli kweli kabla ya kupanda ulingoni na George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974. Raundi ya 8 Foreman akaenda chini. Nani atasema yale yalikuwa maneno matupu?

Ya pili ilimhusu kiongozi aliyeahidi barabara ileile kwa mara ya nne. Huyo hajajigamba hata kidogo. Ile ni longolongo, maneno ya kuvuta siku. Tena mkimwita mjigamba mnampa heshima asiyostahili. Katika fasihi simulizi majigambo, au kivugo, ni utungo wenye adabu zake: mtu husimama mbele ya watu wake, hujipa majina ya sifa, hutaja aliyoyatenda, na wanaomsikiliza wanamjua. Anajisifu mbele ya mashahidi. Barabara ya kiongozi wenu shahidi wake ni nani?

Lakini iliyoniudhi hasa ni ya tatu, ya yule shuhuda aliyesimulia kuwa chatu alikuwa na urefu wa basi. "Majigambo ya shuhuda", mkaandika. Hiyo ni chuku, Mhariri! Naijua vizuri kwa sababu nimelelewa na mpiga chuku.

Mjomba wangu alikutana na nyoka njiani siku moja tu maishani mwake. Nilipokuwa na miaka 7, nyoka yule alikuwa mnene kama mkono. Nilipoanza kunyoa ndevu, alikuwa kama paja. Nilipooa, mjomba alinyoosha mikono yote miwili kuonyesha urefu wake, akaona haitoshi, akainuka na kuupima kwa hatua pale sebuleni mpaka akagonga mlango. Ila miaka yote ile hadithi iliishia palepale: yeye akitimua mbio na kiatu kimoja mguuni. Nyoka alikua, mjomba hakukua hata inchi. Mtu wa majigambo angekuwa amemuua nyoka yule zamani, tena kwa mkono mtupu.

Chuku pia ni ile pembe ya kuumikia. Inabandikwa mwilini, hewa inafyonzwa, nyama inavimba ndani yake. Sidai kwamba maana ya pili ilizaliwa humo, lakini nikimkumbuka mjomba naona zinavyofanana. Nyama ilikuwepo, imevimbishwa tu. Mwongo ndiye anayeleta nyama isiyokuwepo, na huyo vijana wameshampatia maneno yake: anapiga kamba, anapiga fiksi. Hata hao wasiojali sarufi hawachanganyi kamba na chuku. Kutia chumvi ni jambo dogo zaidi, ni chuku ya mtu mwenye haya.

Kuhusu mwandishi wenu wa makala aliyewatukana wasomaji kuwa ni "wapiga soga", nitasema kwa ufupi: soga si tusi. Soga ni raha ya watu waliokaa pamoja. Porojo ni soga iliyokaa mpaka kazi ikalala. Na anayeropoka hajakaa popote, maneno yamemponyoka tu akiwa anapita.

Ile "debe tupu haliachi kuvuma" nayo ipumzisheni. Mwezi huu nimeikuta kwenye vichwa vya habari vitatu, kimojawapo cha habari ya mtu aliyekuwa amenyamaza.

Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaituma. Anasema nilifundisha miaka 24, si 27. Msiibadilishe.

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili