Jogoo Msimlaumu Bado

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Barua yako nimeipata. Unasema wanafunzi walipasua mayai yaliyokaa kwenye mashine ya kutotolesha siku moja na nusu, wakaona kiini cha njano na ute tu, wakahukumu kwamba jogoo ni wa bure. Huenda viinitete (vifaranga vinavyoanza kuumbika) vilikuwemo, ila walivitafuta pasipo.

Yai la chura hugawanyika lote. La kuku haliwezi: kiini ni kingi na kizito, mgawanyiko haupenyi. Kinachogawanyika ni kidoa cheupe cha milimita 3 hivi, juu ya kiini. Seli za kwanza hazina hata sakafu, kwa chini ziko wazi kuelekea kwenye kiini. Kwa hiyo kiinitete cha kuku huanza kikiwa bapa, na asiyejua hilo atatafuta kifaranga kidogo asikione.

Kazi yenyewe huanza ndani ya mama. Yai hukaa humo takriban saa 24 hadi 26, nyingi zikiwa kwenye tezi la gamba (sehemu ya kuku inayolivika yai gamba), na likitagwa kidoa kina makumi ya maelfu ya seli. Likipoa chini ya nyuzi 20 hivi, ukuaji husimama. Ndiyo maana yai lililowekwa jikoni penye nyuzi 28 ni hasara: linakua kwa kuyumba, halafu linafia njiani na kuwa viza. Yatunze kwenye nyuzi 15 hadi 18, ncha ikiwa chini, yasizidi siku saba. Ya kisasa ya dukani usiyaguse, hayajaona jogoo.

Kabla ya kumhukumu jogoo, pasua moja bichi. Kidoa ambacho hakijarutubishwa ni kidogo, cheupe tititi, kingo zimechakaa. Kilichorutubishwa ni kama pete: katikati pamepauka kwa sababu chini yake kuna maji, ukingo ni mweupe kwa sababu umekaa juu ya kiini chenyewe.

Kwenye nyuzi 37.5, saa ya 6 au 7 tangu yai liingie kwenye mashine huanza mstari mfupi upande wa mkia. Kufika saa 18 au 19 una karibu milimita 2, na seli zinazama kupitia hapo kwenda kutandaza tabaka za chini. Somiti ya kwanza (vijibonge vinavyojipanga kwa jozi kando ya mstari wa mgongo) hutokea kati ya saa 23 na 26. Saa 33 hadi 38 zipo jozi kumi hivi, na moyo unaanza kupiga. Lakini saa hizi za jedwali zinadanganya, maana yai lililotoka kwenye ubaridi huchukua muda kupata joto. Hesabu somiti, usihesabu saa. Hamburger na Hamilton, wataalamu wa viinitete, walipopanga hatua zao 46 za ukuaji wa kifaranga mwaka 1951, walitazama umbo.

Sasa kulifungua. Lilaze nusu saa bila kuligeuza, kidoa kipate kupanda juu, kisha weka alama ya penseli hapo. Toboa upande butu, ingiza sindano ikielekea chini kabisa, vuta mililita 2 au 3 za ute. Msiporuka hatua hii kiini kitashuka mbali na gamba. Mkiiruka, mkasi utachana utando wa kiini na kila kitu kitatiririka. Ziba tundu kwa selotepu, ndipo ukate dirisha juu.

Hata hapo, kiinitete ni angavu, karibu uone upande wa pili. Kata karatasi ya chujio iwe pete yenye tundu la sentimita 1, itandaze juu ya kidoa, acha utando ushike, kata kuizunguka kwa mkasi mdogo, inua, utie kwenye maji ya chumvi ya vuguvugu (gramu 9 kwa lita). Weka kitu cheusi chini ya sahani. Tofauti utaiona.

Ukitaka kutabiri kichwa kiko wapi, laza yai upande butu ukiwa kushoto kwako: mara nyingi kichwa hutazama mbali nawe. Von Baer, mtaalamu wa viinitete wa zamani, ndiye aliyeliona, na chanzo ni yai kuzungushwa likiwa kwenye tezi la gamba, sehemu ya kidoa iliyobaki juu ikawa mkia. Sio kila yai hutii, waambie mapema wasije wakabishana.

Bomba la sindano la mililita 5 la duka la dawa linatosha. Karatasi ya chujio ukikosa, niandikie nikutumie.

Wako,
Zainabu